Mpira Uliorudishwa

Kreti moja hubeba mikate ishirini, na kutoka mlango wa chumba cha kufungashia mpaka ndani ya lori hupita mikononi mwa watu wanane. Hakuna anayetembea. Kila mtu husimama mahali pake, anapokea kushoto, anageuka, anatoa kulia, anarudi kupokea tena. Mwiko ni mmoja tu: kreti haikai. Ukiishika kidogo ujikune pua, inayofuata inakukuta mikono imejaa, na mikate ya watu inapondeka.

Nguzo alikuwa wa tano katika mstari huo kwa miaka kumi na mmoja. Ungemwamsha usingizini ukamsukumia kreti, angeitoa kulia bila kufumbua macho.

Jina la Nguzo hakupewa na mama yake. Alipewa uwanjani, kwenye timu ya mpira wa kikapu ya wanawake wa kiwanda, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimama. Mwenzake akiandamwa na mlinzi, Nguzo alisimama njiani kama ukuta, mlinzi akamgonga kifuani, mwenzake akapita huru na kufunga. Watu walimpigia makofi aliyefunga. Aliyegongwa alijipangusa vumbi akarudi nyuma kukaba.

Jumatatu ile, wiki ya fainali, tangazo jipya lilibandikwa kwenye ubao wa mlangoni. UMEME ATUPELEKA FAINALI, liliandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake, kwa herufi ndogo: pointi thelathini na moja kati ya arobaini na nne. Nguzo alisimama mbele yake kofia ya nywele mkononi, mpaka Mama Mapacha, mpanga trei ambaye pia alicheza timu moja naye, akaja kusimama kando.

"Umelisoma mara ngapi?"

"Silisomi. Natafuta jina langu."

"Lipo. Angalia chini kabisa, kwenye zamu ya kufagia."

Nguzo alicheka, lakini kicheko hakikushuka mpaka tumboni. Umeme alikuwa mdogo wake, tumbo moja, wameachana miaka minane. Yeye ndiye aliyemfundisha kudunda mpira kwenye uwanja wa shule. Yeye ndiye aliyemwombea kazi ya kufungasha mikate. Hakumwonea kijicho mtoto wa mama yake, au kama alimwonea, kilikuwa kijicho kidogo ambacho aliweza kukitandikia kitanda na kukilaza. Kilichomkera kilikuwa kingine.

Alishacheza fainali tatu, na zote tatu alitoka uwanjani mikono mitupu. Ya mwisho ilikuwa mwaka jana. Umeme alifunga pointi thelathini na nane peke yake, watu wakapiga kelele mpaka wakakauka sauti, na kombe likaenda kwa wauguzi wa hospitali kuu, timu ambayo hakuna mtu mtaani aliyejua jina la mchezaji wake hata mmoja. Sasa goti la kulia la Nguzo lilikuwa limeanza kuvimba kila baada ya mazoezi. Daktari alilibonyeza huku na huku, akamwambia amalize msimu huu kisha viatu avitundike. "Ukinikaidi," alisema, "utapanda ngazi kwa makalio."

Kwa hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Hakutaka makombe mengi. Alilitaka hilo moja, na alitaka siku akilishika ajue kwamba mikono yake nayo imo.

*

Kocha alikuwa fundi wa matanuri, mtu mwembamba aliyenuka mafuta ya mashine hata akitoka kuoga. Sheria yake ilijulikana kiwanda kizima: mpira kwa Umeme. Mchezaji yeyote aliyerusha wakati Umeme yuko uwanjani, bila kumtafuta kwanza, alikimbia mizunguko kumi kuzunguka ghala la unga. Nguzo aliwahi kuikimbia. Ilikuwa miaka mitatu nyuma, mazoezini. Alirusha, mpira ukaingia safi bila kugusa chuma, na Kocha akanyoosha kidole kuelekea ghala.

"Si umeingia?" Nguzo aliuliza siku ile.

"Umeingia kwa bahati. Bahati siifundishi. Kimbia."

Alikimbia. Tangu hapo hakurusha tena ila pale ambapo mpira ulimwangukia chini ya kikapu na hakukuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Jumatatu hiyo, saa ya chakula, alimfuata Kocha mbele ya tanuri namba mbili, akamkuta amepiga magoti anakaza nati.

"Kocha, nina neno."

"Kama ni kuhusu mapumziko ya goti, chukua Jumapili."

"Ni kuhusu Jumamosi. Mwaka jana mtoto alifunga thelathini na nane, na tukafungwa."

"Nakumbuka. Angefunga arobaini na tano tungeshinda."

Nguzo aliuma meno. Kubishana na Kocha kulikuwa sawa na kusukuma lori lililofungwa breki. "Wauguzi hawana mtu wa thelathini na nane. Wana watu watano wa kumi kumi. Mwaka wa tatu huu kombe linalala kwao."

Kocha alisimama, akajifuta mikono, akagonga tanuri kwa spana. "Hili lina matofali mangapi?"

"Sijui. Mengi."

"Na kichomeo?"

"Kimoja."

"Nikizime tuone matofali yataoka nini?"

"Ng'oa matofali basi," Nguzo alisema, "tuone huo moto wako utakaa wapi."

Kocha alimtazama. Mwoka mikate mmoja aliyekuwa akipita na toroli alijitia anakohoa ili asicheke.

"Unataka nini hasa?" Kocha aliuliza.

"Siku mbili. Jumatano na Alhamisi. Tufanye mazoezi kama tunavyopakia lori. Mpira haukai mkononi. Unapokea, unatoa, unahama. Wakimkaba Umeme wawili, watatu, mpira uwe umeshaondoka."

"Kama tunavyopakia lori."

"Umewahi kuona kreti imeanguka?"

Kocha alifikiri, na kusema kweli hakuwahi kuiona. "Siku mbili," alisema. "Na zikienda mrama, nyinyi nyote mtaniona kwenye ghala la unga."

*

Jumatano alasiri, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala, Nguzo aliwapanga wenzake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alijisikia mwenye timu. Aliwakataza kudunda. Aliwakataza kushika mpira zaidi ya pumzi moja. "Kreti haikai," aliwaambia, na wote walicheka kwa sababu wote walilijua neno hilo kwa migongo yao.

Mpira ulianza kwa kusuasua, kisha ukaruka. Ulitoka kwa Mama Mapacha kwenda kwa karani wa stoo, kwa Nguzo, pembeni, katikati, pembeni tena, kasi mpaka wale wa akiba waliokuwa wanakaba walianza kugongana wenyewe kwa wenyewe. Kocha alivua kofia. Wafanyakazi wa zamu ya jioni walijikusanya ukutani wakawa wanahesabu pasi kwa sauti, na zilipofika arobaini bila mpira kuanguka wakapiga makofi.

Umeme alisimama mikono kiunoni. "Na nani anarusha?"

"Atakayekuwa wazi," Nguzo alisema.

"Atajuaje kama yuko wazi? Hapa kila mtu anautoa mpira kama una moto."

"Atajua tu."

Hakuna aliyelishughulikia swali hilo, kwa sababu mpira ulikuwa umeshaondoka tena. Walicheza hivyo dakika kumi nyingine, wakifurahi kama watoto waliofunguliwa bomba, na hakuna aliyegundua kwamba katika muda wote ule kikapu hakikuguswa hata mara moja.

Ijumaa jioni ndugu wawili walifua jezi uani. Mama yao alikaa kizingitini akishonea kifungo, miwani imemshuka mpaka nchani mwa pua.

"Dada," Umeme alisema, "unaongea kila mahali kwamba mimi ni mchoyo wa mpira."

"Sijasema mchoyo."

"Umesema kwa karani wa stoo. Kumwambia yule ni sawa na kubandika ubaoni. Mimi siombi mpira. Wananipa."

"Wanakupa kwa sababu ukinyimwa unanuna."

"Mimi nanuna lini?"

"Tangu siku niliyokuachisha ziwa," mama yao alisema bila kuinua kichwa.

Nguzo alicheka, akaikamua jezi, akaikung'uta. Kisha akasema taratibu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa zito kwake na hakutaka lionekane hivyo: "Kesho watakuja wawili kwako. Labda watatu. Wakija wawili, kuna mmoja wetu amebaki peke yake. Ni hesabu ya darasa la kwanza."

"Na huyo mmoja ni wewe."

"Mara nyingi ni mimi. Nani atapoteza mlinzi kwa ajili yangu?"

Umeme aliacha kusugua. Alimtazama dada yake, goti lililofungwa kitambaa, mikono iliyojaa povu mpaka viwikoni. "Nikikupa, usiniangushe."

"Nimekuangusha lini?"

"Kwenye baiskeli."

"Ulikuwa na miaka minne, na ulikuwa unanitekenya."

"Hata hivyo." Umeme alichovya jezi tena. "Haya. Nakuahidi. Wakija wengi natoa. Hata ikiwa sekunde ya mwisho, natoa."

Nguzo alianika jezi mbili kwenye kamba, ya kwake na ya mdogo wake, akazibana kwa kibanio kimoja.

*

Wauguzi walifika uwanjani na soksi nyeupe zilizofanana, wakasalimiana na kila mtu, na kuanzia filimbi ya kwanza wakaweka watu wawili kwa Umeme. Mmoja mbele, mmoja nyuma, kama watu wanaobeba machela. Umeme alitimiza ahadi. Walipokuja wawili alitoa, mpira ukapita mkono kwa mkono, na mara nne au tano ukamrudia yeye upande wa pili akiwa huru, akafunga. Mama Mapacha alifunga mbili kwa kushtukia. Karani wa stoo alifunga moja, akasimama akitazama mikono yake kama si yake, mpaka mtu wake akampita mbio.

Nguzo alisimama. Aligongwa, akasimama tena. Goti liliuma kuanzia robo ya pili, maumivu kama ya jino, na alijikaza kisabuni. Mara mbili tatu aliona kitu ambacho hakukipa uzito: mlinzi wake hakumfuata. Kila mpira ulipofika kwake, yule muuguzi alirudi nyuma hatua tatu na kwenda kumsaidia mwenzake kwa Umeme. Nguzo aliona ni heri. Alipata nafasi ya kutosha kutoa pasi nzuri, na alizitoa, nzuri zote.

Robo ya mwisho ilikuwa ya kufa na kupona. Walipishana pointi moja moja kama watu wanaogombania mlango. Zilipobaki sekunde kumi na moja ubao ulisema hamsini na mbili kwa hamsini na moja, wauguzi wako mbele, mpira ni wa kiwanda. Kocha aliomba muda.

Alipiga goti katikati yao, chaki mkononi, akachora duara moja sakafuni. "Mpira kwa Umeme," alisema. Aliinua macho akakutana na ya Nguzo. "Na wakija wengi, kama mlivyofanya mazoezi."

Umeme alipokea mstari wa kati. Alidunda mara tatu, akampiga chenga wa kwanza, akaingia ndani. Wa pili alimjia. Wa tatu akamjia. Wakamfunika mpaka hakuonekana ila kidole cha mkono ulioinuliwa, na uwanja mzima ukavuta pumzi kwa sababu kila mtu alijua kwamba atarusha hivyo hivyo, juu ya vichwa vyao, kama kawaida yake.

Hakurusha. Mpira ulitoka chini, kati ya miguu ya watu, ukadunda mara moja na kutua mikononi mwa Nguzo.

Alikuwa hatua mbili kutoka kwenye kikapu. Hakuna mtu mbele yake wala pembeni. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuwa peke yake namna ile.

Mikono ilipokea kushoto. Mwili ukageuka. Mikono ikatoa kulia.

Ilikuwa pasi nzuri, kifuani hasa, mahali ambapo Umeme alikuwa amesimama. Lakini Umeme hakuwa amesimama tena. Alipouachia mpira aligeuka papo hapo, akakimbilia chini ya kikapu kusubiri kama ungegonga chuma, na mgongo wake ulikuwa kwa dada yake. Mpira ulipita nyuma ya kichwa chake, ukapita mbele ya meza ya waamuzi, ukatoka nje na kusimama kwenye miguu ya mtu aliyekuwa akiuza maji.

Sekunde mbili zilikuwa zimebaki. Wauguzi walizimaliza kwa kushika mpira tu.

*

Timu zilipanga mstari kupeana mikono. Nguzo alipita akishika viganja vya watu bila kuona nyuso, mpaka kimoja kikamng'ang'ania. Alikuwa nahodha wa wauguzi, mwanamke mnene kidogo wa wodi ya wazazi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wanawake wenzake wasukume.

"Dada yangu, pole," alisema. "Goti hilo uliweke barafu."

"Asante."

Yule nahodha alisita, kisha akasema kwa upole, jambo ambalo lilimuuma Nguzo zaidi kuliko angelisema kwa dharau. "Sikufichi. Tulijua utaurudisha. Tumewatazama mechi nne. Wengine angalau hutupia jicho kikapu. Wewe hata mara moja. Ukipata mpira, unamtafuta mdogo wako. Tukasema basi, huyu tumwache, mtu wake akasaidie."

Nguzo alihisi uso unamwaka. "Nyinyi hamna nyota," alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mtoto anayebishana na mwalimu. "Hamna, na mnashinda. Nimewasifu nyinyi msimu mzima. Nimegombana na kocha wangu kwa ajili yenu."

Nahodha alicheka kicheko cha uchovu. "Hatuna kwa sababu hatujampata. Huyo mdogo wako akitaka hata kazi ya kufua mashuka pale kwetu, aje kesho, tutamtandikia zulia." Alimwachia mkono. "Ila kwetu kila mtu anajua: ukikufikia na uko wazi, unarusha. Ukikosa tunakucheka wiki nzima, halafu basi."

Kocha alikuwa akikusanya chupa za maji. Nguzo alimsubiri aseme neno, hata la matusi. Kocha alimtazama, akatazama duara la chaki lililokuwa bado sakafuni, akalifuta kwa kiatu. Mama Mapacha ndiye aliyemwaga yake. "Hatua mbili," alisema, akifungua kamba za viatu kwa hasira. "Hata mapacha wangu wangefunga. Hata wakiwa wamefungwa mgongoni wangefunga."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungerusha."

Njia ya nyumbani Umeme alitangulia, begi begani, hatua ndefu. Nguzo alimfuata akichechemea. Mama yao alikuwa katikati, akimtazama mmoja kisha mwingine. Walipofika kwenye duka la vipuri ambalo lilikuwa limefungwa, Umeme alisimama akageuka.

"Ungekosa," alisema, "nisingesema kitu."

"Mdogo wangu..."

"Ngoja. Msimu mzima naambiwa sitoi. Leo nimetoa. Wale watatu ningeweza kurusha juu yao, nimewahi kufunga vibaya kuliko vile. Lakini nilikuahidi, nikatoa. Tena nikageuka nikaenda kusubiri chini. Sikuangalia nyuma, Dada. Unajua kwa nini sikuangalia? Kwa sababu nilijua umerusha."

Nguzo alitaka kusema kwamba hakuamua. Kwamba kati ya kupokea na kutoa hapakuwa na nafasi hata ya kuingiza sindano. Alitaka kusema ni mizunguko kumi ya Kocha, ni kreti za miaka kumi na mmoja. Yote yalikuwa kweli. Lakini mazoezi ya Jumatano aliyaomba yeye, kwa mdomo wake, mbele ya tanuri namba mbili.

"Nilidhani kutoa ndiyo kazi yangu," alisema mwishowe.

"Kazi yako ilikuwa kushinda," Umeme alisema, akaendelea na safari.

*

Jumatatu tangazo lilikuwa limebanduliwa, na kwenye ubao palibaki alama nne za gundi. Lori lilirudi nyuma mpaka mlangoni. Watu wanane walijipanga. Kreti ya kwanza ilimfikia Nguzo, akaipokea, akageuka, akaitoa. Ya pili, ya tatu, ya hamsini, mikono ikifanya kazi yake sawasawa bila kumuuliza, na alipoitazama alitamani kuizaba vibao. Hakuna mkate uliopondeka. Msimamizi wa zamu alipita akasema leo mmepakia vizuri, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyoipata mwaka ule.

Kengele ya chakula ilipolia hakwenda chumba cha kulia. Alichukua mpira kabatini akaenda uwanja wa nyuma ya ghala. Fomu ya usajili wa msimu ujao ilikuwa imeshabandikwa mlangoni, na hakuisoma. Viatu alikuwa amevaa vya kazini, yale mabuti ya mpira. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye kikapu, mahali penyewe, akarusha. Ukagonga chuma ukamrudia. Akarusha tena. Ukapita juu ya ubao ukaenda kugonga mapipa.

Alipogeuka kuufuata, mpira ulikuwa mikononi mwa Umeme, aproni bado kiunoni, kofia ya nywele bado kichwani.

Hawakuwa wamesemezana tangu Jumamosi, isipokuwa mambo ya chumvi na ufunguo. Umeme alidunda mara moja, akampa pasi. Nguzo alipokea, akageuka, na mikono ikaanza kutoa.

Umeme aliingiza mikono yake yote miwili kwenye mfuko wa aproni. "Mimi sina mikono," alisema. "Tafuta mtu mwingine."

Hapakuwa na mtu mwingine. Palikuwa na kikapu. Nguzo alirusha, akakosa.

Umeme aliuokota, akautoa, akaficha mikono. Nguzo akakosa. Tena. Wa tano ulizunguka chuma mzunguko mzima, ukatoka nje kama uliobadili mawazo, na Nguzo akatukana kwa sauti neno ambalo mama yao alidhani mabinti zake hawalijui.

Kocha alitokea mlango wa chumba cha matanuri akijifuta mikono. Alimwona Nguzo na mpira, akamwona Umeme amesimama wazi kabisa, hajakabwa na mtu, hajapewa. Ndugu wote wawili walimtazama. Yeye alitazama ghala la unga, urefu wake wote, kisha akarudi ndani akavuta mlango.

"Goti?" Umeme aliuliza.

"Linauma."

"Tuache?"

"Nipe."

Alipewa. Safari hii aliushika. Aliushika pumzi moja, pumzi mbili, mpaka mikono ikaanza kumwasha kwa hamu ya kuutoa, akaishinda, akainua macho akakitazama kikapu chenyewe, chuma chake chenye kutu na wavu uliobaki nyuzi nne. Kisha akarusha. Mpira uligonga ubao, ukadondoka ndani.

Uliangukia kwenye saruji, ukadunda wenyewe mara mbili tatu. Hakuna aliyepiga makofi. Umeme aliutoa mkono mmoja mfukoni, akauzuia mpira usiviringike.

"Hiyo," alisema, "ndiyo niliyokuwa naitaka Jumamosi."

"Najua," Nguzo alisema. Akanyoosha mikono apewe tena.